Ngoma ya susu tunaitaka, mwenyewe je?

Siku hizi ukipita karibu na kanisa lolote mjini Jumapili asubuhi, huna budi kukiri kwamba kwaya zetu zimebadilika. Zamani palikuwa na kinanda, kitabu cha nyimbo na sauti nne zilizojipanga kama askari kwenye gwaride. Leo utasikia kayamba, njuga na ngoma. Utamsikia kiongozi akiita na wenzake wakimwitikia kama watu walio kwenye palizi. Na wapo walimu wa kwaya waliovuka mpaka mwingine kabisa. Hao huchukua sauti za ibada ya dini moja na kuzitia katika wimbo wa dini nyingine, wakitumaini kwamba huko ndiko kuwaunganisha viumbe wa Mungu mmoja.

Je, msomaji, jambo hili ni jema? Vijana wengi watajibu upesi kwamba ni jema. Wazee wengi watatikisa kichwa. Mimi naona kila upande una haki ya kusikilizwa, na ni vyema tuusikilize mahali ambapo swali lenyewe halina mzaha. Twende Tseikuru.

Dini tatu, mvua moja

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mkiwa Nairobi, Nakuru au Mombasa huenda hamjafika huko. Tseikuru ni mji mdogo ulioko kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Ukitoka Nairobi unapita Thika, Matuu na Mwingi, kisha unaiacha barabara kuu ya Garissa na kuelekea kaskazini kupitia Kyuso. Majirani wa karibu ni Watharaka. Ukizidi kwenda kaskazini unakuta nyika, hifadhi ya wanyama ya Mwingi na hatimaye Mto Tana.

Huko mvua si habari ya kusikiliza redioni na kusahau. Mvua ni mtama, ni ndengu, ni maziwa ya mbuzi na karo ya shule. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilitoka patupu mfululizo katika sehemu kame za Kenya, na Kitui ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mnamo Februari 14, 2023, taifa zima liliitishwa maombi kwa sababu ya ukame huo, na Rais mwenyewe akahudhuria mkutano wa maombi mjini Nakuru.

Sasa zingatia jambo hili. Mkristo ana maombi yake ya mvua. Mwislamu naye ana sala maalumu ya kuomba mvua, iitwayo Istiskaa, ambayo waumini huisali kwa unyenyekevu, aghalabu wakitoka nje uwanjani. Na Mkamba wa jadi ana kilumi.

Kilumi ni ngoma kwa maana zote mbili za neno hilo. Ni jina la chombo kinachopigwa, na ni jina la uchezaji wenyewe. Wenye kilumi ni hasa akina mama wazee, wale ambao Mkamba huwaita susu, yaani nyanya. Kwa asili haikuwa ngoma ya kujifurahisha. Ilipigwa mvua ilipokawia, au mtu aliposumbuliwa na pepo, au ilipobidi kuzungumza na aimu, yaani roho za wahenga. Mungu wa Wakamba ni Mulungu, ambaye pia huitwa Ngai, na mahali pa kumtolea sadaka ni ithembo, mara nyingi chini ya mti mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata.

Kwa hiyo hapa tuna ibada tatu na haja moja. Mwalimu wa kwaya mwenye kipaji, aliyekulia sehemu kama hiyo, anaweza kujiuliza: kwa nini nisizichukue zote tatu nikaziweka katika wimbo mmoja wa kuomba mvua? Nianze na mwito wa mwadhini, niingize Bwana utuhurumie kwa sauti nne, na chini yake nitie mdundo wa kilumi?

Wazo hilo linavutia. Lakini kabla hatujamsifu wala kumkemea, tujue kwamba hatakuwa wa kwanza. Njia hiyo imekwisha kukanyagwa na wengine, na nyayo zao zina mafunzo.

Waliotangulia

Katika miaka ya 1950, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikuwa mjini Kamina, kusini mwa Kongo. Aliunda kwaya ya watoto wa shule na walimu wao. Mwaka 1958 wakatoa Misa iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Missa Luba. Maneno yalikuwa yale yale ya Kilatini yaliyosemwa Roma. Sauti zilikuwa za Waluba na majirani zao. Bwana utuhurumie iliimbwa kwa mtindo wa kasala, tungo za Kiluba ambazo pia huwalilia wafu. Mtakatifu ilichukua sauti ya wimbo wa kuagana. Sehemu kubwa haikuandikwa kwa noti kwanza. Waliibuni wakiimba, kama wafanyavyo watu wetu kwenye matanga.

Sahani ya santuri ya Misa hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 1968 ikaingia hata katika filamu ya Kiingereza iitwayo If...., inayohusu vijana walioasi shuleni, na ndani yake kijana mwasi huipiga sahani hiyo tena na tena. Hapa Kenya, Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga iliirekodi upya Misa hiyo na kuitoa mwaka 1990, na wengi wetu tukaisikia kwa mara ya kwanza kupitia kwao. Hata hivyo, jina linalotajwa zaidi hadi leo ni la padri. Watoto na walimu waliotoa sauti hizo vifuani mwao hawajulikani sana.

Kisha akaja Mwingereza David Fanshawe. Kati ya mwaka 1969 na 1973 alisafiri Misri, Sudan, Uganda na Kenya akiwa na mashine yake ya kunasia sauti. Alichokusanya alikifunga katika kazi iitwayo African Sanctus, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1972. Ndani yake kwaya huimba Misa kwa Kilatini huku kanda zikipigwa. Bwana utuhurumie inakwenda pamoja na adhana iliyonaswa Cairo. Mtakatifu inakwenda na ngoma ya bwola ya Waacholi.

Mwaka 2000 mtunzi wa Wales, Karl Jenkins, naye alitoa The Armed Man, Misa ya kuombea amani, aliyoitabaruku kwa wahanga wa vita vya Kosovo. Humo mna Misa ya Kikristo, mna adhana, mna maneno kutoka Mahabharata ya Wahindu, na shairi la Mjapani kuhusu Hiroshima.

Na msidhani kwamba sisi Waswahili tuliachwa nje. Vijana wanaopenda michezo ya kompyuta wanaujua wimbo Baba Yetu. Mmarekani Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya mchezo uitwao Civilization IV uliotoka mwaka 2005. Maneno ni ile Sala ya Bwana ambayo mtoto wa chekechea hapa kwetu huijua kwa moyo, tena kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa wimbo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kuipata. Katika albamu yake Calling All Dawns, Tin aliupanga pamoja na nyimbo nyingine kumi na moja, kila mmoja kwa lugha yake, zikiwemo Kiebrania, Kilatini na Kisanskriti cha Bhagavad Gita. Leo kwaya za Marekani, Ulaya na Asia huimba Kiswahili chetu, na waimbaji wengi hawajui hata kusema habari gani.

Ni nani anayeomba?

Kazi zote hizi ni nzuri masikioni. Nani asiyesisimka akisikia sauti mia zikipanda pamoja? Lakini uzuri wa sauti ni jambo moja, na ibada ni jingine.

Mfikirie yule mwadhini wa Cairo. Siku aliponaswa alikuwa kazini. Alikuwa akiwaita watu waache biashara zao, watawadhe, waende kusali. Kwa Waislamu adhana haihesabiwi kuwa muziki hata kidogo, hata ikiwa sauti ya mwadhini ni tamu kama asali. Lakini ndani ya African Sanctus mtu huyo anaadhini mbele ya watu waliokata tiketi, ambao hakuna hata mmoja anayetarajiwa kuinuka kwenda kusali. Adhana imebaki na sauti yake, ila kazi yake imeondolewa.

Simlaumu Fanshawe kwa kuipenda sauti hiyo. Alisafiri mbali, akasikiliza, na akawafanya watu wa kwao wajue kwamba Afrika ina watu wanaomcha Mungu kwa njia zao. Ninachosema ni kwamba swali la kuulizwa wimbo wa namna hii si kama unapendeza tu. Swali ni: ndani ya wimbo huu, ni nani anayeomba? Na yule tuliyemwazima sauti, je, bado anaomba, au amekuwa pambo?

Wapo watakaonijibu kwamba muziki hauna mwenyewe, na kwamba dini zimeazimana tangu zamani. Hapo wana ukweli, na mfano bora ni lugha hii unayoisoma. Chukua maneno ya mwimbaji wa kawaida wa kwaya. Mungu ni neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa Wakamba. Ibada, sala, roho, malaika na imani yametoka Kiarabu. Hata kanisa lenyewe ni neno la Kiarabu. Misa ni Kilatini, na padri tumelipata kwa Wareno. Kwa hiyo Mkristo wa Kenya anayeimba kwa Kiswahili tayari anatumia kinywa cha Mbantu na cha Mwislamu, na haoni shida.

Lakini tazama jinsi maneno hayo yalivyoingia. Yalikuja pamoja na watu. Waarabu na Wabantu walioana, wakafanya biashara, wakazikana. Mchungaji Johann Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, alifikishwa huko na njia za misafara ya Wakamba waliokwisha zoeana na watu wa pwani kwa miaka mingi. Neno lilikaa mdomoni hadi likawa la nyumbani. Kuna tofauti kati ya mgeni aliyeoa katika ukoo na mgeni aliyepita usiku akachukua mtungi.

Ngoma iliyofukuzwa

Kwa upande wa kilumi, kisa kinauma zaidi, maana hapa aliyeazima ni yule yule aliyefukuza.

Wamishonari wa Africa Inland Mission walifika Ukambani mwaka 1895 wakiongozwa na Peter Cameron Scott, wakaanza kazi yao Nzaui, ambako leo ni Kaunti ya Makueni. Baada yao wakaja wengine, Wakatoliki na Waprotestanti, hadi Kitui. Walileta shule, hospitali na vitabu, na mema hayo hatuwezi kuyakana. Lakini pia waliofundisha katika misheni nyingi walimtaka mwongofu aache ngoma. Aliyeendelea kucheza kilumi alihesabiwa kuwa bado yu gizani. Mama akibatizwa, ngoma ilibaki nje ya mlango.

Badala ya ngoma akapewa nyimbo za Ulaya zilizotafsiriwa. Na hapa wanafunzi wa muziki watanielewa. Kikamba ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Sauti ya wimbo uliotungwa Uingereza haijui hayo. Inapanda pale neno linapotaka kushuka. Kwa hiyo susu alisimama kanisani akimwimbia Mungu maneno ya kwao yaliyopindwa, huku nyumbani akiwa na wimbo ambao sauti na maneno vilizaliwa pamoja.

Tusidhani kwamba ugomvi wa ngoma ni wa Wakristo peke yao. Lamu, Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija ambaye jina lake limefungamana na msikiti wa Riyadha, alipokaribisha matari na nyimbo katika maulidi na kuwafungulia mlango watu wanyonge wa mji, baadhi ya wakuu walimpinga. Leo maulidi ya Lamu huvuta wageni kutoka kila pembe ya pwani na ng'ambo.

Kwa Wakatoliki mlango ulifunguliwa rasmi Desemba 4, 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia na kusema kwamba muziki wa mataifa yaliyohubiriwa Injili upewe heshima na nafasi yake. Siku nane baadaye Kenya ikapata uhuru. Makanisa mengine nayo yakalegeza kamba polepole, na yale ya Kiafrika, kama Wakorino, yalikuwa yakipiga ngoma tangu hapo.

Basi ngoma imerudi. Lakini imerudi vipi? Mara nyingi imerudi mikononi mwa kijana mwenye fulana ya kwaya, aliyejifunza mdundo kwa kuangalia video kwenye simu. Susu mwenyewe bado yuko nje. Pengine ameketi nyumbani, mita mia tano kutoka kanisani, na hakuna aliyemwuliza neno. Ngoma yake tunaitaka, yeye hatumtaki. Mdundo wake ni utamaduni, lakini yeye mwenyewe bado ni mshirikina. Je, huo ni uungwana?

Mchungaji na susu wanakubaliana

Kuna jambo la ajabu nililoliona katika mabishano haya. Mchungaji mkali asiyetaka kusikia kilumi kanisani, na susu anayekipiga kilumi, wanakubaliana. Wote wawili wanaamini kwamba kilumi ni ibada. Mchungaji anaikataa kwa sababu anajua inaelekezwa kwa aimu. Susu anaiheshimu kwa sababu hiyo hiyo. Anayeona kwamba ni mdundo tu, kitu cha kunogesha wimbo na kushinda tamasha, ni yule mwalimu wa kwaya wa kisasa.

Kwa hiyo, vijana, msiharakishe kumcheka mchungaji na kumwita mshamba. Huenda yeye anaiheshimu dini ya nyanya yenu kuliko ninyi mnaoisifu. Kuipinga imani ya mtu ni kukiri kwamba ni imani. Kuifanya pambo ni kusema kwamba haikuwa kitu.

Na ninyi wazee wa kanisa, msifikiri kwamba hapo mmeshinda. Kama kilumi ni sala ya watu waliomlilia Mulungu kwa karne nyingi kabla meli ya kwanza ya mmishonari haijatia nanga, basi waliostahili kusikilizwa walikuwa watu hao, hata kabla ya kukemewa. Jina Mulungu mlilichukua. Limo katika sala zenu. Mliwezaje kulichukua jina la Mungu kwa watu na kuwaambia kwamba hawakumjua?

Piga hodi

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna adabu moja ambayo wageni huishangaa. Hatuingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi, hata mlango ukiwa wazi. Tunasimama, tunabisha, tunangoja karibu. Mwenyewe asipojibu, tunarudi. Akijibu, tunaingia tukijua kwamba tu wageni, na kwamba kuna vyumba ambavyo hatufiki.

Wimbo wa ibada ni nyumba ya mtu. Anayetaka kuuazima na apige hodi.

Kwa kwaya ya Tseikuru, au ya Kayole na Kangemi yenye vijana kutoka Kitui, hodi hiyo si jambo gumu. Susu bado wapo, ingawa wanapungua kila mwaka. Nendeni mkakae nao. Msiende na simu imeinuliwa kama kamera ya polisi. Salimieni, kaeni chini, elezeni mnachotaka. Ulizeni: susu, mdundo huu ni wa nini? Hupigwa lini? Upi ni wa kuita mvua, na upi ni wa kumtibu mgonjwa? Upo ambao hautaki tuuchukue? Akisema upo, muuache. Akisema mwingine chukueni, mwalikeni aje awafundishe, na siku ya kuimba atajwe jina mbele ya watu kama anavyotajwa mtunzi wa Ulaya. Hapo hata mchungaji atakuwa na wa kuzungumza naye ana kwa ana, badala ya kubishana na ngoma.

Pengine susu atakataa kabisa. Hiyo pia ni haki yake. Hodi isiyokubali jibu la hapana si hodi, ni kuvunja mlango.

Na kuhusu adhana, ushauri wangu ni mfupi. Mwachieni mwadhini. Kama mnataka kuomba mvua pamoja na majirani Waislamu, waalikeni mkae uwanja mmoja, kila mmoja aombe kwa njia yake na wengine wanyamaze kwa heshima. Ndivyo tunavyofanya katika sikukuu zetu za kitaifa, ambapo viongozi wa dini mbalimbali husimama mmoja baada ya mwingine. Kukaa jirani si kuchanganyika, lakini kunatosha kumfikisha mtu mbali.

Mfano ulioko karibu

Mtaniuliza, je, hakuna wimbo uliofaulu kuwaunganisha watu wa dini zote bila kumvunjia mtu heshima? Upo, na mnaujua ninyi nyote.

Nilisema kwamba kaskazini ya Tseikuru unapita Mto Tana. Fuata mto huo uteremke nao, upite Garissa na Hola, utafika kwa Wapokomo. Wapokomo wa sehemu za juu wengi ni Waislamu, na wa sehemu za chini wengi ni Wakristo. Mama wa Kipokomo alikuwa na wimbo wa kumbembeleza mtoto alale. Mwaka 1963 wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipopewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa, waliichukua sauti hiyo. Wakaipanga kwa sauti za kwaya, na wakaipa maneno ya Kiswahili ambayo mwanzo hadi mwisho ni dua. Humwomba Mungu, na hazitaji dini ya mtu yeyote.

Kila mtoto wa shule Kenya husimama wima akaiimba dua hiyo. Mtoto wa imamu, mtoto wa mchungaji, mtoto wa Mhindu na mjukuu wa susu wa kilumi wote wamo. Hakuna anayejiona ameingizwa katika ibada ya mwenzake.

Kwa nini ulifaulu? Naona sababu mbili. Kwanza, sauti yake haikutolewa madhabahuni pa mtu. Ilitolewa penye mtoto na mama, mahali ambapo watu wote tumepitia. Pili, tunajua umetoka kwa nani. Ukiuliza, utaambiwa ni wimbo wa Wapokomo. Na hata hapo deni lipo: ni Wakenya wangapi wanaouimba kila wiki na hawajui jambo lolote jingine juu ya Wapokomo, isipokuwa habari za mafuriko ya Tana?

Kwa hiyo walimu wa kwaya, ghala ni kubwa. Zipo nyimbo za kubembeleza, za palizi, za kuchota maji, za kusaga mtama. Si lazima kila mara muende kuchukua kilicho kitakatifu kwa mwenzenu. Na mkilazimika kukichukua, nendeni na mwenyewe.

Wazazi, mna kazi moja wiki hii. Mkiwa mezani, muulizeni mtoto wenu wimbo anaoupenda kanisani au madrasani umetoka kwa nani. Asipojua, mtafuteni pamoja. Na kama mna susu, nyanya au bibi aliye hai, awe Tseikuru, Taveta au Siaya, mpigieni simu mumwombe awaimbie wimbo mmoja aliokuwa akimwimbia Mungu alipokuwa msichana. Msimkatize. Msimsahihishe. Mwambieni asante.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.